Fawaz wa Lamu na Bi Harusi Asiyependa Mchanga

Kavaa viatu vya chuma, na dukani hajaingia. Ukitegewa kitendawili hicho kwenye mabanda ya farasi upande wa jangwani, ng'ambo ya Al Warqa, Dubai, huna haja ya kukuna kichwa. Jibu liko mbele yako, linapuliza pua, linasubiri kusuguliwa.

Ndiyo kwanza kunapambazuka. Fawaz Athman anapitisha brashi mgongoni mwa farasi jike wa kijivu, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeamka na hasira. Wafanyakazi humwita farasi huyu Bi Harusi, kwa kuwa hatoki nje mpaka apambwe. Usipomchana nywele za shingoni, hugoma mlangoni.

"Tulia, mama," Fawaz anamwambia. "Leo ni leo."

Na kweli leo ni leo. Alasiri hii Bi Harusi anakimbia mara ya mwisho msimu huu. Mwenye farasi, ambaye hapa huitwa arbab, ameshatoa neno: akiingia katika wanne wa kwanza, atabaki Dubai na kuzalishwa. Asipoingia, atauzwa nje ya nchi. Fawaz amemlea tangu alipoletwa akiwa bado anaogopa kivuli chake.

"Watu wanadhani naogopa kupoteza kazi," anasema. "Kazi ipo, farasi ni wengi. Lakini mtu halei akachoka, akaambiwa khalas, basi, kamfunge kamba apakiwe kwenye ndege."

Fawaz, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, alizaliwa Langoni, mjini Lamu, ambako punda ndiye gari. Alibeba mawe na mchanga kwa punda wa babake, na siku za Maulidi akashindana mbio za punda ufukweni. Mshahara wake hapa ni dirhamu elfu moja na mia nane, chakula na malazi juu ya tajiri. Mkewe Shifaa na watoto wako Lamu. Huwaona kila baada ya miaka miwili.

Ujuzi wa punda ndio uliomfikisha hapa. Ndio pia uliomponza.

Kwenye mbio za Lamu, upande mmoja kuna kuta za nyumba, upande wa pili bahari. Kijana mwerevu humbana punda wake ukutani, asije akayaona maji akageuka. Fawaz alikulia na hekima hiyo. Basi katika mbio zilizopita, alipokuwa akimtembeza Bi Harusi kabla ya kuanza, alimnong'oneza Stephen, mpanda farasi: "Mbane kwenye uzio wa ndani. Usimwachie."

Stephen alimsikiliza, maana hakuna anayemjua farasi huyu kumshinda Fawaz. Bi Harusi akabanwa uzioni, wenzake wakamtangulia, na kwato zao zikamrushia mchanga usoni. Akainua kichwa, akakataa. Alimaliza wa mwisho.

Jioni ile, akimwosha, Fawaz alitoa mchanga machoni, puani, hata chini ya ulimi. "Nilikaa chini pale pale kwenye maji," anakumbuka. "Punda wa Lamu hamrushii mwenzake kitu. Njia ile ya ufukweni imepigwa sakafu. Nilimpeleka farasi kukimbia mbio za punda."

Kazi ya asubuhi ikiisha, ubishi huhamia jikoni. Bi Rukiya wa Mombasa, mpishi wa wafanyakazi, anapakua maharagwe na chapati. Jairus, mlinzi wa lango kutoka Nakuru, ameshapanga uwanja mezani: vikombe ndio farasi, kijiti cha mswaki ndio uzio, na kikopo cha chumvi ndiye Bi Harusi.

"Nilikushow, buda," Jairus anasema, akiisukuma chumvi pembeni. "Huyu apitishwe nje. Nje hakuna mchanga."

"Nje ni mbali. Atazunguka njia ndefu kuliko wenziwe."

"Heri njia ndefu na macho mazima. Ama unataka avae buibui?"

Jikoni pote wanacheka, na Fawaz naye anacheka. Anachukua kikopo cha chumvi, anakipitisha nje ya vikombe vyote, anakileta mbele taratibu. Kwa mtu wa Lamu, huko ndiko kukubali.

Kisha zinakuja karatasi. Kamari hapa hairuhusiwi. Uwanjani watazamaji hupewa bure karatasi ya kubashiri washindi, na aliyepatia wote hupata zawadi. Hakuna anayetoa senti. Jikoni kwa Bi Rukiya kuna sharti moja la nyongeza: aliyekosea mbio za farasi wa nyumbani huosha masufuria.

Jairus huchagua kwa kumtazama mpanda farasi. "Farasi hajui kona iko wapi. Anayejua ni aliye juu." Fawaz hutazama masikio na kinyesi. Bi Rukiya huchagua jina linalomkumbusha mtu mwema, na hajawahi kuwa wa mwisho.

Leo mambo yamegeuka. Jairus, ambaye hajawahi kumchagua Bi Harusi, amemwandika mshindi. Fawaz, ambaye hajawahi kumwacha, amemwandika mwingine.

"Umemkana?" Bi Rukiya anamuuliza.

"Sijamkana. Namtaka ndani ya wanne tu. Nikimtaka na ushindi, nitakuwa nimemtwika mzigo wangu juu ya ule wa Stephen."

"Haya, kitendawili," anasema Bi Rukiya, ambaye hamwachii mtu chai bila kumtegea.

"Tega."

"Wa mbele humlisha wa nyuma, na wa nyuma hataki."

"Mchanga wa mbio," Fawaz anajibu. "Hilo nimelisomea kwa machozi, Bi Rukiya. Hupati mji kwangu."

Alasiri, uwanjani, Fawaz anamtembeza Bi Harusi na kumwambia Stephen neno moja: "Nje." Mkufunzi amemwachia mpanda farasi uamuzi. Stephen anaitikia kwa kichwa.

Lango linafunguka. Bi Harusi anapitishwa nje, peke yake. Kwenye kona anaachwa nyuma, na Fawaz, aliyeshika kamba tupu, anatazama viatu vyake. Jairus, aliyeomba ruhusa kuja kutazama, ndiye anayemshika bega. "Angalia, buda. Angalia masikio."

Masikio yako mbele. Kwenye njia iliyonyooka Bi Harusi anawapita mmoja mmoja, uso safi kama aliyetoka kuoga. Wawili wa mbele hawafikii, na wa kwanza wao ni yule aliyeandikwa na Fawaz na Bi Rukiya. Anaingia wa tatu.

Arbab anashuka kutoka jukwaani, anampapasa shingo farasi wake. "Khalas, amepumzika na mbio," anamwambia Fawaz kwa Kiarabu. "Mtoto atakayemzaa utamlea wewe."

Jikoni, Jairus amekunja mikono ya shati mpaka kwenye kiwiko, anasugua sufuria la pilau na kulalamika kuwa wa tatu ni karibu sawa na wa kwanza. Hakuna anayemwonea huruma.

Fawaz anasema mtoto akizaliwa na kusimama vizuri, ataomba likizo ndefu. Anataka kumwonyesha Shifaa picha za farasi huyo mdogo, na kuwaeleza vijana wa Langoni kwamba mbio si ukuta peke yake.

"Kitendawili," anasema Bi Rukiya, akimwekea chai.

"Tega."

"Nina mgeni, yuko njiani, na njia haijui."

Fawaz anawaza, anatabasamu, anashindwa.

"Basi nipe mji. Nipe Lamu."

"Lamu sikupi, narudi. Chukua Dubai, Bi Rukiya. Chukua yote, na magorofa yake. Niachie lile banda moja tu."

Bi Rukiya anaipokea Dubai, anamwambia jibu: ni mtoto aliye tumboni.