Ndege za Ulaya na Minazi Kumi na Mmoja ya Mwanapili

Kwa heshima na taadhima, wasomaji wanatangaziwa kwamba mwaka huu wa 1966 ramani ya dunia imebadilika. London, Roma, Frankfurt na Kinondo kwetu sasa ni majirani. Ndege kubwa zitaondoka Ulaya jioni, asubuhi zitatua nyuma ya Diani, na abiria watashuka na makoti yao ya baridi mikononi wakiuliza bahari iko wapi.

Mpaka zitakapofika, aliyetua kiwanjani leo ni mbuzi.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Beberu mweusi amelala katikati ya njia ya kurukia ndege, na Tsuma Iddi anamwendea polepole, fyekeo begani. Hamtupii jiwe. Jiwe likibaki njiani litapasua gurudumu la ndege, na atakayeulizwa ni yeye.

"Ondoka, bwana," anamwambia. "Wewe huna tiketi."

Beberu anafikiri kidogo, kisha anajiondokea. Tsuma anaendelea na safari yake, macho chini, akiokota kokoto, kifuu, kijiti cha mkorosho. Kutoka mwanzo hadi mwisho kiwanja hiki kina hatua mia tisa na arobaini. Amezihesabu kila asubuhi kwa miaka saba, isipokuwa siku za Idi.

Kwa kazi hiyo, pamoja na kufyeka nyasi na kufukuza ng'ombe, analipwa shilingi mia na tano kwa mwezi. Ndege zenyewe si nyingi. Mwezi uliopita zilitua tisa, zote ndogo, na mojawapo ilikuwa imepotea njia.

Kazi ya mwisho ya asubuhi ni kupandisha mfuko wa upepo, ule unaoning'inia mlingotini ili rubani ajue upepo unavuma kutoka wapi. Leo mfuko umechanika ubavuni. Upepo unaingia kwa mdomo na kutokea kwenye tundu, na mfuko umelegea kama suruali iliyoanikwa.

"Zamani ulikuwa ukichanika, dada yangu aliushona siku hiyo hiyo," asema Tsuma. "Sasa wiki ya tatu. Dada yangu hasemi na mimi."

Hapo ndipo penye habari. Mwandishi wenu, ambaye yuko likizoni kutoka shule ya bweni na amepewa na gazeti hili nafasi ya kuandika mambo ya kwao, alifika kiwanjani amevaa tai ya shule, maana mwandishi asiye na tai ni mpita njia tu. Alitoa daftari, akaketi juu ya debe, akauliza kwa upole mambo yalianzaje.

Yalianza mwezi wa Septemba. Mabwana wawili walishuka kwenye Landrova, mmoja Mzungu mwenye kofia, mwingine kijana wa Nairobi aliyevaa suti ambayo jasho lilikuwa limeikubali. Walitandaza ramani juu ya boneti. Walisema hoteli zinajengwa ufukweni, na wageni wamechoka kuteremkia Nairobi na kupanda gari moshi usiku kucha. Jeti zije hapa moja kwa moja. Ila jeti haitui kwenye hatua mia tisa na arobaini. Kiwanja kiongezwe mara tatu.

"Nikawauliza, kiongezwe upande gani," asema Tsuma. "Kaskazini ni msitu wa kaya, wa matambiko ya wazee, humo hata kuni haziokotwi. Kusini ni minazi ya dada yangu. Yule kijana akakunja ramani. Akasema, 'Hilo litaangaliwa, mzee.' Sasa bwana mwandishi, wewe umesoma. Mtu anaulizwa swali, anakunja ramani. Jibu liko wapi?"

Mwandishi alikubali kwamba jibu lilikuwa ndani ya ramani.

Tangu siku hiyo kila mtu anamwangalia Tsuma kwa jicho la pembeni. Ndiye pekee wa hapa aliyesimama na mabwana wale. Alionekana akinyoosha mkono kuelekea kusini. Yeye asema alikuwa anauliza; walioona kwa mbali wasema alikuwa anaonyesha. Akipita kwenye kahawa, wanaume wanasogea kwenye benchi kumpa nafasi kubwa kuliko anayohitaji.

"Karibu, Bwana Frankfurt," wanamwambia. "Leo umegawa ya nani?"

Hayo angeyavumilia. Kisha ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba. Watu waliporudi kutoka msikitini walikuta minazi kumi na mmoja ya dada yake, Mwanapili, imefungwa vitambaa vyekundu, kila mti na chake, usawa wa kifua.

Minazi hiyo ilipandwa na marehemu mama yao, na Mwanapili alipewa alipoolewa. Sasa ni mjane. Mafuta anayouza, tui analopikia, makuti aliyoezekea nyumba yake, vyote vimetoka kwenye miti hiyo.

Nusu ya mtaa ilisema ni alama ya mabwana wa ndege: miti iliyofungwa itakatwa. Nusu nyingine ilisema ni kago, dawa inayofungwa mtini ili anayegusa nazi adhurike. Kago ina sharti lake, na sharti hilo kila mtu hapa analijua tangu utotoni: anayeweza kuifungua ni yule aliyeifunga, peke yake.

Nzai, mkwezi anayemwangulia Mwanapili nazi, hakuwa upande wowote. Alikuwa upande wa tumbo lake.

"Mimi nina watoto watano," asema. "Nikikwea nikashuka nimevimba kama mtungi, hao wa jeti watanipeleka hospitali ya Ulaya? Nangojea."

Basi nazi zinakauka juu na kudondoka zenyewe, na hata zilizodondoka hakuna anayeziokota.

Mwandishi alikwenda kumwona Mwanapili nyumbani kwake, hatua mia mbili kutoka mwisho wa kiwanja. Alimkuta akichambua mchele, cherehani imefunikwa kanga pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umetumwa na kaka yangu, rudi."

"Sikutumwa."

"Basi keti." Alipeta mchele mara mbili tatu kabla ya kusema tena. "Nikuulize wewe mwenye daftari. Kile kitambaa umekiona? Ni cha bendera za kiwanja. Jora lake liko kwenye kibanda cha kiwanja. Kibanda kinalindwa na nani?"

"Na Mzee Tsuma."

"Mimi sikusema. Umesema wewe. Andika hivyo."

Mwandishi aliandika hivyo.

Tsuma hakatai kwamba kitambaa ni chake. Jora lilikuwa kibandani, na sasa limepungua. Lakini kufuli la kibanda lilikufa mwaka jana, na mlango unafungwa kwa waya ambao hata yule beberu angeufungua akiwa na haja. Alipeleka barua kwa wale mabwana, akaandikiwa na karani wa posta. Jibu lilikuja wiki iliyopita: wao huweka alama kwa vigingi na rangi nyeupe, na bado hawajaweka yoyote.

"Bado," asema Tsuma. "Wameandika bado. Hilo neno nimeliona."

Kwa nini basi asivifungue vile vitambaa, amalize maneno?

Tsuma alimtazama mwandishi.

"Nikivifungua na nisivimbe, watu watasema nini? Watasema, kumbe ndiye aliyefunga. Nisipovifungua, dada yangu anakaa na njaa anaangalia nazi zake zinaoza. Aliyefanya hivi amenikaba pande zote mbili. Na sidhani alijua. Mtu mzima angejua."

Kwa hiyo amekuwa akienda kwenye minazi kila jioni baada ya kazi, mikono nyuma ili asionekane akigusa, na kuangalia tu. Mwandishi alipouliza anaangalia nini, alisema atamwonyesha, na akamwomba arudi siku ya pili saa nne asubuhi.

Mwandishi alirudi na tai yake. Chini ya minazi aliwakuta Tsuma, Nzai mkwezi, na Mwanapili aliyesimama mbali kidogo, uso upande mwingine, kama aliyepita hapo kwa shughuli zake.

"Nimewaita wote kwa sababu bwana mwandishi ameniuliza ninaangalia nini," alisema Tsuma. "Naangalia fundo. Nzai, hili fundo ni la nini?"

Nzai aliinama bila kulikaribia. "Silijui. La mbuzi silo. La mzigo silo. La kamba ya kukwelea silo."

"La mganga?"

"Mganga gani atafunga fundo la kuteleza? Kago haitelezi."

"Wiki tatu nimelitazama," alisema Tsuma. "Lina pembe tatu, limebana juu, mkia mmoja mrefu unaning'inia mbele. Nilijua nimeliona mahali, sikukumbuka wapi. Jana nikaletewa jibu, likakaa mbele yangu juu ya debe." Alinyoosha kidole, si kusini safari hii. "Bwana mwandishi. Hebu inua kidevu."

Mwandishi wenu alitafakari kuhusu uhuru wa magazeti. Kisha akainua kidevu.

Nzai alitazama shingo, akatazama mnazi, akatazama shingo tena. "Lahaula," alisema taratibu.

Mwanapili alikuwa amegeuka. "Wewe si mtoto wa mwalimu Mramba?"

Hapa lazima mwandishi aache kujiita mwandishi. Ni mimi. Nilikuwa nimepeleka makala mbili kuhusu Mzee Tsuma, na zote mhariri alizirudisha na maneno mekundu pembeni: maisha ya mfyeka nyasi hayana tukio. Nikalitengeneza tukio. Ijumaa ile, shule yetu ikiwa imeshafunga, watu wakiwa msikitini na baba yangu bado akiwa darasani, niliingia kibandani, nikakata jora, nikafunga mti baada ya mti kwa fundo pekee ninalolijua vizuri. Nilikusudia watu wacheke. Sharti la kago nililijua kama kila mtu. Sikulikumbuka mpaka nilipoona hakuna anayecheka, na siku hiyo niliogopa kurudi kuvifungua.

Nilivifungua mchana ule, kumi na kimoja, Tsuma akiwa ameegemea fyekeo lake na Mwanapili ameshika kiuno. Nilipomaliza, Nzai aliinua mkono.

"Tusiondoke kwanza," alisema. "Tumpe dakika tuone tumbo."

Walinipa zaidi ya dakika. Sikuvimba. Nzai akaenda kutafuta kamba yake.

Mwanapili aliniambia nimpe vitambaa. Alivikunja vyote, akamwambia kaka yake maneno ya kwanza kwa wiki tatu: "Na huo mfuko wako ulete. Umekuwa aibu hata kwa ndege zilizopotea." Jioni mfuko wa upepo ulipandishwa ukiwa na kiraka chekundu kinachoonekana tangu barabarani.

Ramani bado imekunjwa. Tsuma ameomba ruhusa ya siku moja, Jumatatu ijayo, ya kwanza tangu aajiriwe, ili aende na dada yake mpaka ofisi za wilaya kule Kwale wakaombe ifunguliwe mbele yao. Anatumaini jeti zitakuja. Anatumaini pia kuna njia ya kuzileta bila kuigusa ile miti, na kama haipo, anataka aambiwe na mtu atakayemtazama usoni.

"Na wewe utakuja nasi," aliniambia. "Utatuandikia watakayosema. Uyaandike kama yalivyo."

Nikamwuliza nivae tai.

"Ivae," alisema Tsuma. "Nataka niione ilipo."