Aliyetufungia Njia ya Kigwa

Ukitaka kucheka, cheka kabisa umalize, ndipo nianze. Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, tena uchungu wa kuzaa umenishika.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia, njia za kule hatuzijui. Asubuhi moja ya masika mume wangu akanipakia kwenye baiskeli, akawa anaisukuma kuelekea zahanati ya Kigwa, kwa njia ya zamani ya misafara. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, tope hadi vifundoni.

Mbele yetu akatokea mzee. Mzigo mrefu begani, njuga miguuni. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo mzee!" Hakugeuka, akaendelea na njuga zake. Wallahi, tope lote lile, na mguu wake hauachi alama! Uliona wapi?

Tukafika njia panda. Mzee akakata tawi bichi, akalilaza kukingama ile njia pana, kisha akashika kijia chembamba. Mume wangu akawaka.

"Mwanga huyu! Anatutegea dawa mchana kweupe! Mimi napita hapahapa."

"Baba Maganga, tumfuate," nikamsihi, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza.

"Tumfuate mchawi?"

Akainua gurudumu la mbele avuke tawi. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikashuka, nikakaa chini topeni. "Basi nenda ukazae wewe," nikamwambia. Nilimwogopa yule mzee, nisikudanganye. Lakini alikuwa amesimama anatungoja, na mchawi gani anamngoja mja mzito kwa upole vile?

Mume wangu akageuza baiskeli huku ananung'unika. Tukafuata mlio wa njuga. Kila kijia cha pembeni, tawi. Tulipoona bati la zahanati, njuga zikanyamaza. Tukaangaza huku na huku, hakuna mtu.

Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni. "Mngechelewa kidogo tu..." nesi akasema, asimalizie. Jioni ndipo tukasikia kwamba kwenye ile njia pana daraja la magogo lilisombwa na maji usiku ule. Tungefika pale, turudi, tuanze upya. Mwanangu angekuwa wapi?

Shangazi yangu, ambaye baba yake alikuwa mpagazi wa kwenda pwani, alipopata habari akapiga vigelegele. "Kirangozi huyo! Kiongozi wa msafara. Watu walikuwa wengi, wa nyuma hawamwoni wa mbele, basi njia isiyofaa aliifunga kwa tawi." Mume wangu akainamisha kichwa. Sisi tulijua tawi njiani ni uchawi tu.

Mtoto tukamwita Nzila, njia kwa Kinyamwezi. Leo ana ndevu, na ni mbishi kama baba yake. Namshukuru Mungu hata kwa ubishi huo.

Nawe ukipita kule ukakuta tawi bichi limelazwa njiani, na aliyelikata humwoni, usijifanye mjanja. Geuka. Halafu sema asante, kwa sauti, na kwa niaba yangu pia, maana siku ile uchungu ulinibana, sikuisema.