Mke wangu alijua dizeli ya mdogo wake haifai foleni, akanyamaza

Admin, jina langu libaki kwako, maana nusu ya madereva wa Kimara wananijua na hawa watu hawana siri. Mie ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, nina mke na watoto wawili, naendesha teksi ya mtandaoni. Shule niliishia la saba, lakini dunia nimeisoma mpaka kidato ambacho hakijafunguliwa. Nilikuwaga utingo wa malori, nimelala Tunduma, nimekula ugali Lubumbashi. Dereva kama mie Dar hii tupo wawili, na mwenzangu siku hizi anaumwa mgongo.

Nilikuwa na kagari kadogo ka petroli. Hakana sura, kiti kimechanika, lakini asubuhi kalikuwa kanaamka kabla yangu. Sasa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tumwite Deni, akaja nyumbani na gari la dizeli, anauza kwa sababu anataka kuoa. Huyu kijana nimekaa naye kwangu miaka mitatu, mpaka shati la kwendea usaili wa kazi alivaa langu. Akaniambia, "Shem, dizeli inakula kidogo halafu ina nguvu. Abiria wa Mbezi Beach watakupa nyota tano kabla hawajafunga mlango."

Mie na dizeli tena? Nikamwambia asinifundishe, hiyo harufu nimeishi nayo kabla yeye hajaota ndevu. Nikataka tushuke nalo mjini nilijaribu. Mke wangu akadakia, "Baba Jeni, mjini kuna nini? Leo Jumapili, twende Bagamoyo tukale samaki, utalijaribu huko huko." Tukapita Boko barabara nyeupe, gari linateleza kama limetumwa. Mke wangu nyuma anaimba na watoto. Wiki ile ile nikauza kagari kangu, nikachukua dizeli.

Mwezi haukuisha. Kazi yetu mnaijua: Kimara mpaka Kariakoo, foleni, umesimama injini inanguruma, abiria anataka kiyoyozi, unamshusha unapata mwingine wa hapo mtaa wa pili. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, nikaipuuza. Siku mbili mbele gari likakosa nguvu pale Ubungo, nakanyaga mafuta linanitazama tu. Dada mmoja nyuma akaniuliza, "Kaka, hii teksi au mashine ya kusaga?" Nikamwambia kama ana mahindi ashushe. Alicheka sana, ila nyota akanipa moja.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja Temeke. Akaniambia, "Braza, dizeli hizi za sasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Linataka ukimbie barabara ndefu, lipate moto liyachome. Wewe unatembea na kusimama, masizi yanajaa. Hii sio gari ya foleni."

"Mbona malori yetu yalikuwa yanashinda mpakani yananguruma na hayaumwi?"

"Yale yalikuwa yanatema moshi nje. Hii inaumeza."

Nikasafisha chujio, likajaa tena, nikasafisha tena. Nilichookoa kwenye mafuta kikahamia kwa fundi. Lakini Deni nilimtetea kila mahali. Nikasema kijana hakujua, angejua vipi yeye kama mie mtu mzima sikujua.

Mpaka siku mama mkwe alipopiga simu kutoka Rombo. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Baba, gari limetulia? Maana Deni lilimtesa, alivyojaribu kulifanyia teksi huko likawa linashinda gereji. Nikamwambia asimuuzie mtu baki akalaaniwa. Dada yake ndiye akasema, mpeni mume wangu, yule hashindwi na gari." Alisema kwa kunisifia, maskini mama wa watu. Nikamjibu limetulia.

Nikamfuata mke wangu, anachagua mchele. Nikamuuliza alijua? Hakuinua uso. "Si wewe husemaga hakuna gari linalokushinda? Mie niliamini." Nikamuuliza, na Bagamoyo? Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. Halafu akasema, "Ulitaka mdogo wangu asioe?"

Jamani, hapo ndipo paliponichoma. Deni angeniambia tu, shem nimekwama, kagari kangu ningekauza nimpe, na ngoma siku ya harusi ningecheza mie wa kwanza. Mtaa mzima unajua mkono wangu. Mie ni mtu wa kuombwa. Wao wakakaa wawili wakanipangia safari ya samaki, na mie nikala nikasifia pilipili.

Sasa kuna mfanyabiashara anataka dereva wa kumpeleka Dodoma na kumrudisha, wiki nzima, nyumbani narudi Jumapili. Kwa gari hili ndiyo dawa, hata fundi kasema. Mke wangu alinisikia kwenye simu. Akaniuliza, "Unaenda kwa ajili ya gari au unanikimbia mie?" Mdomo huu uliobishana na askari wa nchi tatu ukamuuliza chai iko wapi. Tangu siku ile tunalala kama abiria wawili wasiojuana. Ananipakulia, nakula, nasema asante. Harusi ya Deni inakaribia na kitenge cha sare yangu ameshakishona, kipo mlangoni kinaning'inia. Nampenda huyu mwanamke. Ila akiniambia hata chumvi imeisha, nainuka kwenda kuangalia kopo.

Mfanyabiashara anataka jibu Ijumaa. Nyie mliowahi kuzungukwa na mtu mnayekula naye sahani moja, na mkabaki naye, nishikeni mkono: nikapokee safari ya Dodoma, au nikae hapa Kimara tumalizane mimi na yeye? Na anayetaka kuniambia nilipeleke gari Bagamoyo na mnunuzi mwingine, asihangaike kuandika. Siwezi kumfanyia mtu hivyo.