Mabomba ya Avenyu Yetu

Mabomba yale ya saruji yaliletwa katikati ya kiangazi, kumi na mawili, kwa lori lililozimika mara mbili kabla ya kufika kwenye avenyu yetu. Tunakaa upande wa Naviundu, si mbali na mto, na kila mwaka mvua zikianza maji hushuka kutoka juu na kupita katika nyua zetu kama mwenye kiwanja aliyerudi kwake. Kwa hiyo mabomba yalipoteremshwa watu walitoka kuyatazama. Mama mmoja aliyapigia vigelegele. Mimi nilibaki mlangoni mwa chumba changu cha cherehani nikijiuliza: mwaka huu tumewafanyia nini wakubwa hata wakatukumbuka?

Ndivyo nilivyolelewa. Baba yangu alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli hapa Lubumbashi, na alistaafu bila kuona pesa zote alizoandikiwa. Alitufundisha kusali, kufua nguo zetu wenyewe, na kusoma kila karatasi yenye muhuri mara mbili.

Mashine ya mji ilikuja, ikachimba mtaro mbele ya mageti yetu kwa siku mbili. Siku ya tatu haikuja. Wiki ikapita, halafu mwezi. Tukaweka mbao juu ya mtaro ili tuvuke. Bibi arusi mmoja aliyekuja kujaribu gauni lake alitumbukia mguu mmoja hadi gotini, na wateja wengine wakawa wanapotea kwa sababu rundo la udongo lilificha kibao changu. Basi nikachukua rangi ya buluu, nikaandika MUSHONAJI juu ya bomba lililolala mbele ya geti langu, na mshale. Nikajiambia kwamba angalau kuna kazi moja bomba hilo limefanya.

Shefu, yaani mkuu wa avenyu yetu, alikuwa jirani yangu, geti la tatu kutoka kwangu. Alikuwa na duka la misumari, mabati na saruji. Wazazi wake walitoka Kasai. Yeye alizaliwa hapa, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Tulimchagua kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa kizuri na hakupenda makelele. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyeniandikia barua zote za kudai haki zangu, na nilipompelekea kuku wa shukrani alimrudisha akisema kuku huyo bado anataga.

Mwezi wa pili wa ule mtaro, tulikwenda pamoja, yeye na mimi, kumwona injinia katika ofisi ya mji. Injinia alikuwa mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alitupatia viti, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi.

"Mama, mashine iko," akasema. "Mazuti ya kuitembeza njo haiko. Beyi inapanda kila siku. Na ile feza tunangojea toka juu, haiyafika."

"Na ile kodi, ile taksi tunalipaka ku soko, ku nyumba, kila fasi? Inaendaka wapi?"

"Inalipa bantu ya kufagia. Na bao vilevile tunabalipa nusu."

Nikamwonyesha dirishani. Uani kulikuwa na gari jipya, viti vyake bado vina plastiki. "Na ile?"

"Ile iko ya mradi. Haiko ya siye."

Alijibu haraka mno. Kisha akageuka kuitazama ramani ya mji iliyokuwa ukutani, na tangu hapo alisema na ramani, si na sisi. Alisema mji ni kama nyumba yenye blanketi moja na watoto wengi: ukimfunika huyu, yule anabaki nje. Niliona anapenda maneno yake mwenyewe.

Tulipotoka, jirani yangu akasema, "Mama, pengine anasema kweli."

"Muntu wa ofisi akisema kweli," nikamjibu, "anafichaka ingine."

Alicheka kidogo. Kicheko hicho nilikikumbuka baadaye, na nikakipa maana ambayo labda hakikuwa nayo.

Mvua zilikuwa karibu, joto limeshaanza kukaba, nilipotoka asubuhi moja kwenda misa nikakuta mabomba manne hayapo. Mbele ya geti langu palibaki alama ndefu kwenye udongo, kama ya mtu aliyeondoka kitandani. Magurudumu ya lori yalikuwa yamechora vumbi jekundu, na lori lilikuwa limegeuzwa mbele ya duka la jirani yangu. Pale palikuwa na kipande cha saruji kilichovunjika. Nilikiokota, nikaenda nacho kanisani ndani ya mkoba, na katika misa nzima sikusikia neno.

Jioni nilikwenda dukani kwake. Alikuwa anapima misumari.

"Shefu, mabomba ine iko wapi?"

Hakuinua kichwa. "Mama, wacha kwanza. Tutaongea."

"Tutaongea siku gani?"

"Wacha kwanza."

Wiki iliyofuata nilikwenda mjini kununua uzi. Niliporudi, mabomba mengine matano hayakuwapo. Jirani wa ng'ambo aliniambia lori lilikuja mchana kweupe, na wafanyakazi wenye vizibao vya rangi ya machungwa, na shefu wetu alikuwa amesimama palepale na karatasi mkononi. Hakuna aliyeuliza kitu, kwa sababu yeye alikuwapo.

Toka siku hiyo nilianza kumchunguza. Sikujua kwamba macho yangu yana uwezo huo. Nikishona, nilikaa mahali ambapo dirisha lilinionyesha duka lake. Alipaka mlango rangi: imetoka wapi? Alipokea mgeni mwenye tai: ni nani? Mifuko ya saruji iliongezeka, ikapungua, ikaongezeka. Duka lolote la saruji ndivyo linavyoishi, lakini mimi niliona ushahidi. Hata kikohozi chake asubuhi kilinisikika kama cha mtu anayejua jambo.

Kisha nikaenda kisimani, mahali akina mama wanapongojea maji, nikasema. Nilisema mabomba yetu yameuzwa. Mama mmoja akaniuliza, "Na nani?" Nikamjibu, "Si munabajua bantu ya kule? Habaachake kintu kilale."

Katika mji mwingine sentensi hiyo labda ni uchongezi wa kisimani tu. Kwetu si hivyo. Nilikuwa binti wakati maneno ya namna hiyo yalipojaza stesheni watu na magodoro yao, watu wa asili ya Kasai waliozaliwa hapahapa wakiambiwa warudi kwao. Baba yangu, mtu wa reli, alirudi nyumbani siku hizo akaketi bila kugusa sahani yake ya bukari. Nilijua uzito wa neno lile, na nililitoa mdomoni kwa urahisi kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Baada ya siku mbili ukuta wa duka lake ulikuwa umeandikwa kwa makaa. Neno la kwanza lilikuwa MWIZI. La pili lilikuwa la kabila lake, sitaliandika. Sikulishika kaa lile mimi, lakini neno la pili lilitoka kwangu. Mke wake aliufuta ukuta kwa kitambaa na maji, na mimi nilikuwa dirishani na kikanyagio cha cherehani chini ya mguu wangu, sikanyagi.

Katika siku hizo dada yangu mkubwa, anayekaa mtaa wa Bel-Air, akashikwa na malaria. Nikaenda kumwona. Nilipokaribia kwake, barabara ilikuwa imefungwa. Wafanyakazi walikuwa wanalaza mabomba kando ya ukuta wa shule ulioanza kubomoka kwa sababu maji yalikuwa yameula kwa chini. Nikawa napita kando, nikaona rangi ya buluu ndani ya mtaro. MUSHO. Herufi nyingine zilikuwa zimeshafunikwa udongo.

Nilisimama pale mpaka msimamizi wao akaniuliza kama nimepotea.

"Haya mabomba yalitoka wapi?"

"Ku stoki ya mji, mama."

"Hapana. Ile moja niliandika na mukono yangu."

Alinitazama, akaitazama rangi, kisha akatoa karatasi mfukoni, labda kwa kuogopa kwamba nitapiga kelele. Niliisoma mara mbili. Mabomba tisa, kutoka avenyu yetu, kwa sababu ya haraka ya kuokoa shule. Muhuri. Na chini, sahihi niliyoijua vizuri, kwa kuwa ilikuwa chini ya barua zote nilizoandikiwa na jirani yangu mume wangu alipofariki.

Kwa hiyo hakuwa ameuza. Lakini alikuwa ametia sahihi. Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyotoka, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na aibu ambayo sikutaka kuitazama.

Sikungoja. Niliingia dukani nikaziba mlango kwa mwili wangu.

"Niliona mabomba yetu ku Bel-Air."

Akaweka chini kalamu. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Baliniita," akasema. "Injinia aliniambia: ule ukuta ukianguka, utaangukia batoto. Kununua mabomba ingine habawezi, beyi imepanda. Aliniambia, utie sahihi ao usitie, tutachukua. Ukitia, avenyu yenu itakuwa ya kwanza mwaka unakuya."

"Na ukasadiki?"

"Niliomba baandike. Baliandika." Akafungua droo, akanionyesha karatasi nyingine. Nayo ilikuwa na muhuri. Ilisema avenyu yetu itafikiriwa. Itafikiriwa, basi.

"Juu ya nini haukutuambia?"

"Mama, ningekuambia, ungenisadiki?"

Nyuma yake mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa mpaka darini, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, jicho langu liliihesabu mmoja baada ya mwingine. Aliliona jicho hilo. Akarudi kwenye kalamu yake.

Jumapili kulikuwa na mkutano wa avenyu, katika uwanja wa mzee mmoja mwenye nafasi kubwa. Watu walikuja na maneno yao tayari. Nilisimama kabla hawajaanza, nikaeleza nilichokiona Bel-Air, karatasi, ukuta wa shule, yote. Kisha nikasema kwamba neno la kisimani lilikuwa langu na lilikuwa uongo. Mama mmoja aliinamisha kichwa. Baba mmoja akapiga kelele kwamba nimehongwa. Jirani yangu akasimama, akasema anaacha ushefu, akaweka muhuri wa avenyu juu ya kiti chake, akaenda zake na mkewe. Hakunitazama.

Tulichimba wenyewe. Tulichanga mikono, majembe na matofali mabovu kutoka kwa wachoma matofali wa kule mtoni, tukajenga kingo za mtaro kadiri tulivyoweza, na mabomba matatu yaliyobaki tukayaweka pale maji yanapokata barabara. Jirani yangu alileta mifuko minne ya saruji kwa mkokoteni, akaishusha, akarudi dukani. Kuna waliosema ni dhamiri inamsuta. Sijui hadi leo mifuko ile ilikuwa nini: wema, au aibu, au kitu alichopewa akaona hakimfai.

Mvua kubwa ya kwanza ilipasua kingo zetu mahali pawili. Maji yakaingia jikoni kwangu hadi kwenye kifundo cha mguu, yakachukua makaa na sufuria moja. Nikiwa nasukuma tope kwa ufagio, dada yangu akapiga simu. Alikuwa amepona. "Huku maji imepita muzuri kabisa," akasema, kwa furaha. "Ukuta ya masomo ya batoto iko inasimama." Nilimwambia Mungu asifiwe, na nilimaanisha, na bado nilitamani kuitupa simu ndani ya tope.

Mwanzoni mwa mwaka watu walinipa mimi muhuri. Walisema mtu anayeshuku kila kitu ndiye anayefaa. Haikupita miezi miwili nikaitwa ofisini. Injinia yuleyule, shati lilelile lililonyooka. Avenyu yetu ina taa moja ya barabarani, ya nguvu za jua, penye kona. Alisema mji hauna namna ya kununua betri mpya, na kuna zahanati inakaa gizani. Karatasi ya kuhamishia betri yetu huko ilikuwa tayari. Akanipa kalamu yake.

"Juu ya nini haukuita avenyu yote?" nikamuuliza.

"Mama, bantu bakiwa wengi, kazi haitembeake."

Nilisema sitii sahihi, nikaomba nakala. Alinipa bila ubishi, na wepesi wake ukanitisha kuliko ubishi. Nikaenda moja kwa moja kwenye kona, nikaita watu, nikaisoma karatasi yote kwa sauti, hata tarehe. Wakakataa. Wengine walipiga makofi. Halafu yule mama aliyeniuliza kisimani "Na nani?" akauliza tena, polepole, mikono kifuani:

"Na balikuitia weye peke yako, juu ya nini?"

Nilimweleza kwamba ni kwa sababu mimi ndiye shefu. Akatikisa kichwa kama mtu anayehifadhi neno mahali. Taa bado ipo. Lakini siku hizi gari la mji likipunguza mwendo kwenye avenyu yetu, watu hutoka mageti yao, na kuna ambao hawalitazami gari. Wanatazama kwangu.