Mchezaji Aliyekalia Dumu la Kulwa

Haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, nimekaa umbali wa kunyoosha mkono, ilikuwa mchana na sikuwa nimeonja pombe. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikifika kwenye lile dumu sitapenda kukatizwa.

Kisa kinaanzia kwenye majarida. Hadi leo, na umri huu wa kuvuka arobaini, nikiingia mji wowote swali langu la kwanza ni nani hapa anauza karatasi kuukuu. Nimepekua marundo Tabora, Kigoma, mpaka Kampala, nikitafuta majarida ya aina ile, na kila nikigusa jalada linaloteleza moyo unaruka kama wa mtoto. Hujui ulichokosa.

Miaka ya tisini, baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda, nilikuwa nabeba mizigo kwenye duka la Mhindi mmoja Shinyanga mjini. Alikuwa ananunua karatasi za kufungia karanga. Siku moja likaja boksi kutoka Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, la familia ya wazungu waliokuwa wanahama. Nikalifungua. Ndugu yangu, juu kabisa mwanamke mwenye panga amesimama mbele ya joka. Ndani, ramani za mapango zilizogawanywa miraba, milango ya siri, bei za kamba na mienge, na barua za wasomaji wanaogombana kama mtu aliyevaa nguo za chuma anaweza kuogelea. Watu wazima hao, wanatukanana juu ya mto ambao haupo duniani. Nilimwomba tajiri boksi lile.

"Chukua," akasema. "Karatasi yake inateleza, karanga zinamwagika."

Ilinichukua muda, na kamusi mkononi, kuelewa kwamba ule ni mchezo wa maneno. Mmoja anasimulia: uko mdomoni mwa pango, kuna giza, unasikia maji. Wengine kila mmoja amejichukulia mtu wa kubuni, naye anasema mtu wake anafanya nini. Bahati ndiyo inayoamua kama amefaulu. Hakuna ubao wala vinyago, pango lote limo vichwani mwenu. Unaona utamu wake? Wenzetu walikuwa na dadu ya pande ishirini. Sisi tuliandika namba kwenye kete za isolo, lile bao la Kisukuma, tukawa tunazichomoa kwenye kikombe cha bati bila kuangalia. Namba kubwa, umefaulu. Ndogo, shauri yako.

Nilipohamia machimbo ya dhahabu upande wa Geita, majarida yalikwenda nami. Mvua ikinyesha hakuna anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, kwa hiyo tulikuwa tunacheza chini ya turubai la Mama Neema, aliyekuwa anatupikia. Tulikuwa wanne tu: mimi msimulizi, Mama Neema, Masele asiyekaa bila kumchokoza mtu, na Doto.

Huyu Doto nikwambie habari zake vizuri. Alikuwa pacha. Kulwa wake, aliyemtangulia kuzaliwa, alifukiwa na duara msimu wa mvua uliotangulia. Wenzake walichimba kumtafuta mpaka wakakata tamaa, na mwenye duara akalifunga. Mama yao, kule kijijini Samuye, alikataa kuweka msiba. Alisema hawezi kumlilia mtoto ambaye hajamwona, na Doto akatumiwa neno: usirudi bila mwenzio. Sasa kijana akawa hana kwa kwenda. Gari la nyumbani hapandi, machimboni hapati usingizi.

Siku ile mvua ilianza asubuhi. Nikagawa watu wa mchezo.

"Mimi ni huyu dada wa panga," Mama Neema akasema, akigonga jalada kwa mwiko. "Na mume simtaki kwenye pango hilo, nimeshachoka nao huku nje."

"Panga hulijui, shemeji," Masele akasema. "Ua joka kwa ugali wako, halitamaliza raundi."

Doto akaninyooshea vidole viwili. "Nipe watu wawili."

"Wa pili wa nani?"

"Wa Kulwa. Pacha hapewi kimoja."

Kwetu neno hilo halina mjadala. Ukimnunulia Kulwa shati, Doto naye shati. Ukimpa mmoja embe, mwenzake asipopata umetafuta balaa. Nani angemkatalia? Mama Neema akavuta dumu tupu la maji, akaliweka kando ya Doto.

Hatukuwa tumefika mbali pangoni mgeni alipoingia. Alikuwa amejifunika kiroba kuanzia kichwani, kama sote tunavyojikinga na mvua, uso hauonekani.

"Mwadila," akasalimia. Tukaitikia. Akakaa juu ya dumu.

"Hapo pana mwenyewe," nikamwambia.

"Najua. Endelea."

Nikaendelea. Nikasema njia ya pango inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa jiwe, kama ilivyochorwa kwenye jarida.

"Haiendi moja kwa moja," akasema mgeni. "Inakata kushoto, ukishapita nguzo ya mgunga iliyopasuka. Halafu inatobokea kwenye shimo la jirani."

"Wewe mgeni, msimulizi ni huyu," Masele akasema. "Subiri zamu."

Lakini mimi nilishasisimka. Niamini, kila msimulizi anaomba apate mchezaji wa namna hiyo, anayeliona pango kuliko wewe uliyelibuni. Nikalisahau jarida.

"Maji je?"

"Yanadondoka tu. Hayafiki magotini."

"Una taa?"

"Ilizimika."

"Unafanya nini?" Ndivyo msimulizi anavyouliza.

"Nimekaa. Nawasikia wanachimba, lakini wanachimbia upande wa barabara. Nagonga na nyundo, hawasikii."

Doto alikuwa ameshika kete, amemgeukia mgeni.

Mgeni akainuka. "Zamu yako, Doto," akasema, akatoka kwenye mvua.

Nani alimtajia jina lake? Hatukuwa tumelitamka tangu aingie. Masele akaruka nje. Tope lote lilikuwa laini kama uji, halina unyayo hata mmoja. Mama Neema akatuonyesha dumu kwa kidole. Juu yake palikuwa na vumbi jeupe la mwamba, kavu kabisa. Msimu ule wa mvua, ungetoa wapi vumbi kavu?

Doto alitaka kushuka palepale. Tulimzuia kwa nguvu mpaka mvua zilipokatika na ardhi ikatulia. Upande wa pili wa lile duara lililomfukia Kulwa, mbali na barabara, kulikuwa na shimo la zamani ambalo mwenyewe alilitelekeza akafuata rashi nyingine, dhahabu mpya iliyosikika kwingine. Hakuna aliyewahi kufikiria kutafutia humo. Aliyejifunga kamba wa kwanza alikuwa Masele, mtu wa mizaha. Mimi nilimfuata, na sijawahi kuogopa na kufurahi kwa pamoja kiasi kile. Tukaikuta kona, tukaikata. Mbele yetu nguzo ya mgunga, imepasuka. Kulwa alikuwa amekaa, mgongo ukutani, nyundo mkononi.

Doto ndiye aliyempandisha, na njia nzima alimsemesha taratibu, kama unavyomsemesha mtu unayemwamsha kwa safari.

Tulimfikisha Samuye. Mama yao alitoka, akamshika Doto mashavu, akamwangalia sana, kisha ndipo akalia. Kijiji kizima kilikuwa kinakisubiri kilio kile.

Mimi bado nacheza. Popote ninapotua nawafundisha vijana, na tukikaa nahesabu viti viwe sawasawa na watu. Hata hivyo, mchezaji akinikatiza tu, "hapana, njia inakata kushoto," naweka kikombe chini, naomba tupumzike.

Mchezo ni mtamu, nakusihi uujaribu. Ila usimtengee nafasi mtu ambaye hajapatikana, ukidhani ni heshima tu. Atakuja kucheza. Na akishakwambia alipo, huna tena ruhusa ya kusema hukujua. Tafuta kamba, shuka ukamchukue.