Gari Langu Lilivutwa Kwenye Maegesho Yenye Jina Langu

Nilishaona gari likivutwa kwa sababu limeziba mlango wa zimamoto. Nilishaona likivutwa kwa deni la benki.

La kwangu lilivutwa kutoka kwenye maegesho yenye jina langu.

Yamenikuta mwenyewe haya, wakuu.

Ilikuwa Februari, hapa Des Moines, Iowa, ile baridi ambayo ukivuta pumzi pua inashikana. Nimefika kazini nimebeba sufuria. Siku hiyo ofisini kulikuwa na shindano la mchuzi wa maharage na nyama ya kusaga, na wa kwangu aliupika mke wangu Corinne, huku ameegemea jiko, maana nyonga yake ya kushoto ilishakwisha. Alikuwa afanyiwe upasuaji Aprili, kwa bima ya afya ya kazini kwangu.

Kazi ikienda, upasuaji umeenda. Shika hapo.

Nikaegesha. Nikaenda mlangoni, nikagusisha kadi. Taa nyekundu. Nikaifuta kwenye suruali, nikagusisha tena. Nyekundu.

Nageuka nyuma, nakuta lori la kukokota magari, na jamaa mwenye barafu kwenye ndevu anafunga minyororo kwenye magurudumu yangu.

"We bwana! We! Hiyo sehemu ni yangu!"

"Kila gari ninalovuta lina mwenyewe, mzee."

"Soma hicho kibao! Haugen, Mfanyakazi Bora! Haugen ndio mimi!"

Akakitazama kibao. Akanitazama mimi. Akatazama sufuria.

"Hongera," akasema. "Ila mimi nasoma namba za magari, sisomi majina. Hii imefutiwa kibali usiku. Nimetumiwa nyingine nyingi tu za humu humu. Kampuni yenu leo imeniamsha mapema kweli."

Yaani waliita lori kabla ya kutuita sisi.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo uelewe.

Kampuni ni ya bima, jina nalimeza. Mimi nilikuwa kitengo cha mvua ya mawe. Mawe yakishatoboa mapaa huko mashambani, mimi ndiye napanda ngazi, nakagua, nasema mwenye paa alipwe au asilipwe. Kila mwisho wa mwaka bosi anakupa alama, moja mpaka tano. Moja ni mzigo. Tano ni malaika.

Mimi nilikuwa Tano mwaka baada ya mwaka, mpaka wakanipa sehemu ya kuegesha karibu na mlango. Kwa Februari ya Iowa, hiyo ni sawa na kupewa kiwanja peponi.

Bosi wangu aliitwa Skip Lindgren. Mtu wa kukumbatia watu. Anakuita "kaka" hata anapokunyima likizo.

Miezi michache kabla, minong'ono ilianza kwamba watu watapunguzwa, eti kompyuta itakagua mapaa kwa picha za angani. Nikaomba kuhamia kitengo cha madai ya moto. Skip akagoma.

"Kaka, wewe ni Tano wangu. Nikikuachia, mimi nabaki na nani? Rusty?"

Rusty Dvorak alikuwa Mbili wetu. Mvivu wa hiari, anasinzia mikutanoni akiwa amekaa wima. Skip alishamchoka, akamsukumia huko huko kwenye moto, kitengo nilichokitaka mimi.

Halafu Januari kampuni ndogo ya pale Ankeny, mji wa jirani, ikanipa nafasi. Mshahara ule ule, bima ya afya ipo.

Corinne akasema, "Wendell, nenda."

"Ngoja kwanza nimuulize Skip."

"Yaani unaomba ruhusa ya kuokoka?"

Nikaenda kumuuliza. Skip akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa meza, akanishika bega.

"Kaka, wanaopunguzwa ni kina Rusty. Tano haguswi. Naapa kwa mama yangu. Waambie hapana."

Halafu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: "Ni kampuni gani vile? Nani anaajiri pale?"

Nikamwambia. Nikamtajia mpaka jina la mama anayeajiri, Bi. Yvette Pruitt. Kisha nikawapigia Ankeny nikawaambia hapana, asanteni.

Haya, turudi kwenye theluji. Nimesimama na sufuria, simu ikaita. Dada wa idara ya utumishi, sauti laini kama anamsomea mtoto hadithi.

"Wendell, kitengo chenu chote kimefungwa kuanzia leo. Tunakushukuru sana kwa mchango wako."

"Dada, umekosea mtu. Mimi ni Tano."

"Ndiyo, naona hapa. Hongera sana."

"Sasa?"

"Tathmini hazikuangaliwa katika uamuzi huu."

"Basi miaka yote hii zilikuwa za kazi gani?"

Nikasikia anafunua karatasi.

"Tuna huduma ya ushauri nasaha," akasema.

Mimi na sufuria langu tukabaki tunalitazama gari likiondoka, matako juu.

Mlango ukafunguka. Akatoka Rusty, koti begani, usingizi bado uko machoni.

"Tano! Umesimama hapo kama mleta pizza aliyekosea nyumba!"

"Rusty, we bado una kazi?"

"Kitengo cha moto hakijaguswa. Hata mimi nashangaa. Twende, nikupeleke walipoupeleka mkweche wako."

Tukaingia kwenye gari lake, ambalo lilinuka soksi. Rusty akafunua sufuria pale pale, akachota kwa kikombe cha kahawa.

"Huu ungeshinda, Tano. Haki ya nani."

"Acha kuniita Tano."

"Nikuite nani? Mimi mwenzio Mbili, na joto la ofisini nalipata bure."

Nikacheka. Ukipigwa sana unacheka tu. Halafu nikakumbuka Ankeny, roho ikanirudia kidogo. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya nje.

"Bi. Pruitt, ni Wendell Haugen. Nimebadili mawazo."

"Oh, Wendell baba. Pole. Nafasi imejazwa wiki iliyopita. Tena na mtu wa huko huko kwenu."

"Nani?"

"Bwana Lindgren. Alituambia wewe hung'oki hapo, unaipenda mno kazi yako. Na alikusifia! Eti maisha yake yote hajawahi kuwa na Tano kama wewe."

Rusty akasimamisha gari pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimwona macho yote mawili yamefunguka.

"Alijua kitengo kinafungwa," akasema.

Alijua. Skip ambaye mimi nilidhani yuko likizo, anateleza kwenye theluji na watoto wake. Aliniacha mimi nikishikilia paa, yeye akatokea kwa mlango niliomwonyesha kwa kidole changu mwenyewe.

Mchana akanitumia ujumbe: "Kaka, nimeumia sana kusikia. Kwangu wewe ni Tano daima."

Nilitaka kutapika, wakuu. Si mfano wa maneno. Nilikwenda chooni kabisa.

Upasuaji wa Aprili ukafa. Nikapata kazi kwa fundi wa kuezeka mapaa, na bima yao ikachukua muda kuanza. Corinne alitembea na fimbo mpaka Septemba. Kila ngazi, mguno. Kila mguno, namwona Skip ameketi pale ukingoni mwa meza. Sasa anatembea vizuri, ila miezi ile hakuna wa kumrudishia.

Bosi wangu wa sasa hatoi alama. Paa likivuja, mwenye nyumba anapiga simu anatukana. Tathmini safi kabisa.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa huku umebandika cheti cha pongezi ukutani, nisikilize. Alama ile inapima wamekukamua kiasi gani. Hakuna mahali imeandikwa kwamba watakulinda. Tena yenyewe ndiyo inaweza kukufunga: Mbili walimsukuma nje akapona, Tano walimng'ang'ania mpaka kitengo kikamwangukia. Ukiitwa kazi nyingine, nenda. Usimuulize bosi. Na ukishindwa kujizuia ukamuuliza, basi usimtajie anayeajiri.

Ah, na kile kibao. Kilibaki pale pale maegeshoni mpaka theluji ikayeyuka. Siku moja Rusty akatokea nyumbani nacho kwapani.

"Nimeiba," akasema. "Kazi pekee niliyoifanya kwa bidii mwaka huu."

Nimekipigilia kwenye uzio nyuma ya nyumba, chini chini. Kila asubuhi mbwa wetu anatoka, anakinusa, anainua mguu. Mvua, jua, theluji, hajawahi kukosa.

Huyo sasa ndiye Tano.