Ijumaa Bata Walipokaa Kimya

Asikudanganye mtu kwamba Dubai hakuna baridi. Ipo, ila ni baridi ya kudekeza watu. Ikifika Novemba wenye nyumba hutoa makoti kabatini na kuanza kunywa chai nje, na wafanyakazi wao, ambao kiangazi kizima hukimbia kutoka mlango wa jikoni hadi pipa la taka kama wanaokanyaga makaa, hugundua upya kwamba nyumba ina ua. Masuda aliipenda baridi hiyo kuliko sikukuu. Alikuwa mwanamke wa Kilifi, mwenye mwili wake na mdomo usiojua kupumzika, na kwa miaka kadhaa alikuwa akipika na kufua katika nyumba moja ya Al Warqa. Asubuhi za majira hayo, kabla hajashika kazi yoyote, alitoka uani na bakuli la makombo akiwaita bata kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Bata walikuwa wa Bibi Jokha. Bibi alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa msichana, akaolewa, akazaa na kuzeeka huko huko, lakini Kiunguja chake hakikupungua hata chembe. Macho ndiyo yaliyopungua. Yalikuwa yameingia ukungu, akawa haoni ila mwanga na vivuli, kwa hiyo bata wake aliwajua kwa sauti. Alikaa barazani amejitanda kanga, ametega sikio, kisha akacheka peke yake.

"Masuda! Huyo Bi Shaua, mwongo huyo. Keshakula zamani, anajifanya hajaonja kitu."

"Umempata, Bibi! Na dume je?"

"Kafeel? Anawafokea wenzake. Ana jengine la kufanya?"

Jina la Kafeel, yaani mdhamini anayeshika vibali vya wafanyakazi wageni, alilitoa Masuda, kwa sababu hakuna bata aliyepita mlango wa banda bila idhini ya dume yule. Madam Khairunisa, binti wa Bibi na mwenye nyumba, hakulipenda jina hilo, lakini mgeni gani aliyewahi kulisikia akaacha kucheka?

Mwaka huo, ilikuwa 2014, baridi ilikuja na balaa lake. Kiangazi chote viyoyozi vilikuwa vikidondosha maji nyuma ya jiko, maji yakafanya dimbwi, na bata walishinda humo wakichimba matope wala wasimuudhi mtu. Baridi ilipoingia, viyoyozi vikazimwa na dimbwi likakauka. Juu ya hayo, Linus, mtunza bustani, Mganda mpole aliyekuwa akija kila siku kutoka Rashidiya, alizikwangua nyasi za kiangazi hadi udongo ukaonekana, akamwaga mbegu za nyasi za baridi, zile zinazoota laini na za kijani cha kung'aa. Mbegu na bata haviwekwi pamoja. Bata wakafungiwa nyuma ya waya, hawana tope, hawana pa kutembea, hawana la kufanya.

Na bata asiye na shughuli hana adabu. Walinyonyoana manyoya hadi shingo ya Bi Shaua ikabaki uchi. Walitembea kandokando ya waya, wakafika mwisho, wakageuka, wakarudi. Na kelele! Walianza kabla ya adhana ya alfajiri na hawakunyamaza hadi giza. Jirani alilalamika kwa upole, kisha akalalamika bila upole, na Madam akamwita Masuda jikoni.

"Masuda, khalas. Ijumaa familia yote inakuja kula bustanini. Nikisikia kelele ya bata mezani, Adib wa soko la ndege anawachukua alasiri hiyo hiyo. Nimeshampigia simu, atapita."

"Na Bibi, Madam?"

"Bibi nitamwambia mimi."

Hakumwambia, na wala hapakuwa na haja. Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Masuda alipompelekea uji asubuhi yake, alimkuta amekaa kitandani, hajatoka barazani.

"Mie nilitoka kwenye nyumba yenye watu," Bibi alisema, "nikaja kwenye nyumba yenye milango. N'shazoea. Lakini hawa wakenda zao, n'tasikiliza nini, mwanangu? Friji?"

Masuda alipenda kujiona mgumu, lakini kwa Bibi Jokha ugumu wake wote uliyeyuka. Akauweka uji chini na kuapa, "Wallahi hawaendi popote, Bibi. Niachie mimi!" Akatoka mbio, bila wazo hata moja kichwani.

Wazo la kwanza lilikuwa kabichi. Alilifunga kamba, akalining'iniza juu kidogo ya vichwa vya bata, akarudi nyuma. Kafeel akalichungulia kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kisha akaruka na kulidonoa. Kabichi likapepesuka, likampiga Bi Shaua mgongoni. Naye akageuka kwa hasira akalirudisha. Lo! Masuda alipiga mapaja yake.

"Linus! Yalla, njoo uone mpira!"

Linus alikuja na jembe lake begani, na kwa muda wakasimama pale kwenye waya, watu wazima wawili, wakishangilia kila kabichi lilipopaa. Mechi iliendelea hadi likabaki shina. Shina lilipoanguka, kelele zikarudi palepale zilipoachia.

Akajaribu kioo, maana alisikia ndege hupenda kujitazama. Bata majike walijitazama kweli, lakini Kafeel alipoona dume mwingine bandani mwake alitaka kumuua, na Masuda alilazimika kukiondoa kioo kikiwa bado kizima. Akaleta beseni kubwa la maji na kumwaga njegere zikazama chini. Hapo ndipo bata walipofurahi hasa! Walitumbukiza vichwa, mikia ikaelekea mbinguni, maji yakaruka hadi kwenye kanga ya Masuda, naye akacheka akasahau mchuzi jikoni. Tatizo ni kwamba maji yaliyomwagika yalipita chini ya waya na kwenda moja kwa moja kwenye mbegu.

"Dada Masuda!" Linus alilia. "Hii mbegu yangu sasa inahamia kwa jirani! Madam ataniuliza mimi, si bata!"

"Basi chimba mfereji, kaka yangu. Jembe unalo, mikono unayo."

Akachimba, akinung'unika kwa lugha ya kwao, na maji yakaelekezwa kwenye maua. Lakini bata nao huchoka na maji, na wakitoka wanataka kujua kitu gani kinafuata. Masuda alikuwa kama mama mwenye watoto wakati wa likizo. Kila mchezo ulizaa ukimya mfupi, na kila ukimya ulizaa kelele.

Alhamisi Madam alimpeleka Bibi hospitali ya macho, wakashinda huko. Masuda akabaki na maandalizi ya wageni. Katika nyumba hiyo tui lilitoka kwenye kopo siku zote isipokuwa wageni wakija, kwa sababu wali wa kopo Bibi Jokha hakuuita wali. Siku hiyo nazi zilikunwa kwa mkono, kwenye mbuzi, kama kwao. Na kwa kuwa jua la baridi lilikuwa tamu, Masuda aliitoa mbuzi uani, akaiweka karibu na waya, akaketi na kuanza kukuna huku akiwasimulia bata habari za Kilifi.

Krr, krr, krr. Aliendelea kwa muda kabla hajashtuka kwamba hakuna anayemjibu. Akainua uso. Bata wote walikuwa wamesimama kwenye waya, shingo zimenyooshwa, kimya kabisa, wanausikiliza ule mkwaruzo. Alipokwisha kukamua tui, kwa mazoea ya nyumbani kwao, aliyarusha machicha ndani ya banda. Yakaangukia kwenye rundo la nyasi kavu, zile alizozikwangua Linus na kuzirundika humo, na ambazo bado hajazitupa.

Bata wakaingia ndani ya rundo mzimamzima. Walifukua, wakapekua, wakapenyeza midomo, wakatoa chembe ya machicha na kurudia tena. Kilichoonekana ni mikia tu. Rundo likazaa vidudu pia, na vidudu vikazaa bidii. Wakati ukapita, Masuda akamaliza vitunguu, akamaliza viungo, na nyuma ya jiko hapakusikika hata mnong'ono. Alitoka, akatazama, akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo mwenyewe asije akawa yeye wa kuuharibu ukimya ule. Kumbe hawakutaka kuchezeshwa, walitaka kazi! Bata akiwa na cha kutafuta, apige kelele za nini?

Ijumaa, baada ya sala, nyumba ilijaa. Mikeka ilitandikwa barazani na kwenye vigae, nyasi changa za Linus zikiwa mbele yao kama zulia jipya ambalo haruhusiwi mtu kulikanyaga. Tangu asubuhi Masuda alikuwa amechanganya machicha ya nazi nyingi kwenye nyasi kavu hadi chini kabisa. Alipita na masinia ya wali akitembea kwa vidole. Mlango wa uani ulikuwa kimya. Madam alimtazama, akainua nyusi, akatabasamu, na Masuda nusura amwage mchuzi kwa furaha. Wamepona! Bata wamepona!

Lakini yule mwanamke ambaye mdomo wake haujui kupumzika alikuwa amesahau kusema neno moja kwa mtu mmoja. Bibi alirudi kutoka hospitali amechoka akalala, na asubuhi Masuda alikuwa na masufuria manne juu ya moto. Hakumwambia.

Mkono wa Bibi Jokha ulisimama juu ya sahani.

"Khairunisa. Bata wako wapi?"

"Wapo, Mama."

"Mbona siwasikii?"

"Wapo nyuma tu. Kula, Mama, wali utapoa."

"Na cherehani yangu nayo ilikuwa ipo," Bibi alisema, taratibu tu. "Kila n'kiuliza, ipo. Hadi siku n'lipokwenda kuipapasa mwenyewe nikakuta ukuta. Mmewapeleka jana, nikiwa hospitali."

Wageni waliacha kutafuna. Na hapo hapo, kama aliyetumwa na shetani, Adib akapiga honi getini, na matundu ya chuma yakagongana nyuma ya gari lake. Bibi aliyasikia vizuri kuliko wote. Akaisukuma sahani, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutetemeka.

Masuda alisimama na sinia mkononi. Agizo alilijua: kelele mezani, bata waende. Na Adib yuko getini, matundu tayari. Wakinyamaza hivi hadi gari liondoke, wamesalimika, na Bibi ataaminishwa baadaye. Lakini baadaye gani? Ya cherehani? Akamtazama bibi kizee yule akilia mbele ya wajukuu zake, akaona hawezi, hata angefukuzwa kazi leo leo.

Akaliweka sinia chini, akakunja doti lake na kukimbia. Alifungua banda, akalipiga teke rundo la nyasi, akaita kwa ile sauti yake ya asubuhi, "Haya tokeni! Tokeni mseme!"

Wakatoka kama maji yaliyofunguliwa. Walikata katikati ya nyasi changa, Linus akishika kichwa na kulia "Nyasi yangu! Nyasi yangu, jamani!" Walipanda mkeka wa kwanza, wakaruka sinia, watoto wakapiga mayowe ya furaha, mtu mmoja akajikuta na bata mapajani. Kelele ilikuwa ya kutoboa mbingu. Bi Shaua na shingo yake ya uchi alitangulia, akaenda moja kwa moja hadi miguuni pa Bibi Jokha, akamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyemfungia.

Bibi alishusha kanga usoni.

"Bi Shaua," alisema. Akasikiliza. "Na Kafeel huyo, sauti imemkauka. Wapo! Wote wapo!" Akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha kike cha Unguja ambacho wajukuu hawakupata kukisikia, machozi yakimtiririka na mkono ukipapasa manyoya.

Masuda alifika akihema. "Madam, bata walikuwa kimya. Nimewafungua mimi. Kosa ni langu."

Madam Khairunisa alikuwa anamtazama mama yake. Adib alikuwa tayari ameingia getini na tundu kila mkono, anasubiri kuonyeshwa wa kuanza naye.

"Adib," Madam alisema, "umekula?"

"Bado, Madam."

"Weka hayo matundu garini uje ule."

Kisha akavua viatu, akapita katikati ya bata na wali uliomwagika, akaketi mkekani karibu na Bibi, bega kwa bega.

"Huyu anayepiga kelele sana ni nani, Mama?"

Bibi Jokha akamshika mkono, akamwambia afumbe macho kwanza, ndipo atamsikia vizuri.